Mjomba Alipasua Viboksi vya Sarafu, Mthamini Yuko Sebuleni

KRAAA!

Nilisimama mlangoni na sinia la chai.

Mjomba Alphonce kapiga magoti chumbani kwake, nyundo mkononi. Anapasua viboksi vya sarafu zake!

"Mjomba! Unafanya nini?!"

"Funga mlango, Stumai."

KRAAA! Kingine tena!

Jamani... na mthamini yuko sebuleni, katoka Dar kwa ajili ya sarafu hizo hizo!

Ngoja niwaeleze, maana mtasema mzee wa watu kachanganyikiwa.

Mjomba ni kaka wa marehemu mama. Alifanya kazi reli hapa hapa Manyoni mpaka akastaafu. Ujana wake wote alikusanya sarafu za zamani: rupia za Mjerumani, senti za tundu za Mwingereza. Padri mmoja rafiki yake alimpelekea Ulaya zikapimwa ubora. Zikarudi kila moja kwenye kiboksi cha plastiki kilichozibwa kabisa, na karatasi ya maksi zake ndani, kama mtoto katoka kufanya mtihani.

Nimeishi naye tangu mama afariki. Wanawe ni wawili tu. Gabrieli yuko Dar, Kristina yuko Arusha. Miaka inakatika hawakanyagi! Ukipiga simu, "Nipo kikaoni, nitakupigia." Thubutu!

Nyumba kubwa, watu wawili. Jioni Mjomba anakaa barazani anatazama barabara ya stendi. Kuna siku tunamaliza kula hatujaongea neno, na wala hatujagombana. Hatuna jipya tu.

Sasa mimi na kiherehere changu, nikazipiga picha zile sarafu, nikatupia kwenye grupu la familia.

Weee!

Wiki ile ile Gabrieli huyo! Kristina huyo, na watoto wake! Kuku wakachinjwa, watoto wakalala mpaka kwenye makochi. Mjomba alicheka hadi akakohoa.

"Baba, mthamini wa kuzipangia bei tumlete lini?" Gabrieli akauliza.

"Tutamleta tu, msiwe na haraka."

Mara funguo za sanduku zimepotea. Mara mgongo unamuuma. Kila akiahirisha wanawe wanaondoka wamenuna... halafu wanarudi tena.

Mimi nikawa nakasirika. Nikamwambia, "Mjomba, si uuze tu yaishe?" Akainuka, akaenda kukaa barazani.

Siku hiyo Gabrieli alimleta mthamini mwenyewe, Bwana Deo, kwa gari lake. Wakati nabeba chai nilimsikia Gabrieli koridoni akimwambia Kristina:

"Leo tunajua bei, tunauza, tunagawana. Safari za Manyoni basi tena, zimenichosha."

Mlango wa chumba cha Mjomba ulikuwa wazi. Kumbe na yeye kasikia.

Nikaweka sinia chini, nikamshika mkono wenye nyundo.

"Kwa nini lakini, Mjomba?"

"Nilimuuliza Deo kwenye simu. Sarafu ikitoka kwenye kiboksi, maksi zake zimekufa. Lazima irudi Ulaya ikapimwe upya."

"Sasa?"

"Anasema inaweza kuchukua mwaka mzima." Akanitazama, machozi yanamlengalenga. "Mwaka mzima, Stumai. Si watakuwa wanakuja kuulizia?"

Wadau, nililia kama mtoto.

Gabrieli akaingia, akaona plastiki sakafuni. Alifoka! "Mzee umetumaliza!"

Bwana Deo akaziokota moja moja, akazikagua, akasema bahati hazina mkwaruzo. Atazipeleka upya, tuvumilie.

"Stumai, zikirudi utanipigia," Gabrieli akasema, ufunguo wa gari uko mkononi.

Wakaondoka bila kula.

Na hakuja mtu! Pasaka ikapita. Krismasi Mjomba akaniambia nipike wali wa watu wengi. Tulikula kiporo siku mbili.

Mwaka ulipogeuka akaanza kusahau. Kwanza miwani, halafu njia ya kanisani, halafu majina. Nikapiga Dar, nikapiga Arusha. "Mpeleke hospitali, nitatuma kitu."

Mwezi uliopita sarafu zilirudi. Maksi za juu kabisa! Bwana Deo alipotaja thamani yake nilimwomba arudie. Unajenga nyumba Dodoma na chenji inabaki.

Nikatuma meseji kwenye grupu. Kesho yake tu, magari mawili nje!

"Shikamoo baba!" Gabrieli kainama, anatabasamu.

Mjomba akamtazama kwa upole.

"Marahaba. Karibu mgeni. Wewe mtoto wa nani?"

"Baba... ni mimi, Gabrieli!"

"Aaa, Gabrieli yuko Dar. Ana kazi nyingi sana huyo. Atakuja."

Kristina akaanguka miguuni kwake, analia kwa sauti. Mjomba akashtuka, akageuka kunitafuta mimi.

"Kristina! Kristina mwanangu! Mletee huyu mama maji, nadhani kafiwa."

Ndiyo, jamani. Siku hizi mimi ndiye Kristina. Kwenye nyumba hii hakuna tena anayemjua Stumai.

Nikaitika, "Abee baba," nikaenda kuleta maji.

Sarafu walizifuata na wamezipata, ziko mezani mpaka sasa, hakuna anayetaka kuzishika. Wewe unayesoma hapa, kama una mzee kijijini, usingoje usikie ana mali. Nenda ukamwone angali anakujua.