Mtihani wa Kaingu

Kila alasiri Dama alipotoka shule, alimkuta baba yake, Kaingu, amekaa kibarazani kwao Bondeni akijifunza kukunja sambusa. Vidole vyake vilikuwa vinene na vigumu, kwani miaka mingi alikata mawe timboni, ng'ambo ya kisiwa. Manda nyembamba za unga zilimchanikia mikononi, na Dama alicheka hadi akajishika tumbo.

"Cheka tu, mwanangu," Kaingu alisema. "Jiwe halikunitesa hivi!"

Vumbi la timboni lilikuwa limempa kikohozi kibaya, na daktari alimkataza kurudi huko. Ndipo mwaka huo wa 1996 akajiunga na mradi wa kuwafundisha wakata mawe kazi nyingine. Wenzake walichagua useremala. Yeye alichagua upishi. Jumamosi mwalimu wa upishi, Bi Afaf, angepita kuonja sambusa zake. Atakayefaulu angepewa jiko na meza ya kuuzia.

"Na usipofaulu, Baba?"

"Nitarudi kwenye mawe. Lazima tule."

Jumamosi ilipofika, Kaingu alipika nyama ya kusaga, akaiweka kibarazani ipoe. "Niangalizie, Dama. Naenda kununua makaa."

Mara Areej, binti wa jirani, akaita, "Dama, njoo turuke kamba!" Dama akaenda. Aliporudi, paka alikuwa ametumbukiza kichwa ndani ya sufuria. Alimfukuza, akatazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Akaisawazisha nyama kwa mwiko, akaifunika.

Kaingu alirudi, akajaza sambusa moja baada ya nyingine huku akikohoa. Kila alipokohoa, Dama alizidi kuogopa kusema.

"Hodi!" Bi Afaf alibisha.

"Karibu, Bi Afaf!" Kaingu aliinua sambusa ya kwanza juu ya mafuta yaliyochemka.

"Baba, usikaange!" Dama alilia. "Nyama imeliwa na paka. Niliiacha nikaenda kucheza."

Kaingu aliishusha ile sambusa. Kisha akazimwaga sambusa zote jaani. "Niwie radhi, Bi Afaf. Sina nyama nyingine, ila nina viazi. Waweza kunisubiri?"

"Nitasubiri," Bi Afaf alijibu, akaketi.

Dama alimenya viazi haraka. Baba yake akavichemsha, akavitia dania na pilipili, akakunja manda zilizobaki. Bi Afaf alikula sambusa moja, akachukua ya pili.

"Pilipili imezidi kidogo," alisema. "Lakini jiko utapata."

Kisha akamgeukia Dama. "Mwanangu, ulipewa amana ukaiacha. Hilo ni kosa. Lakini mnunuzi haingii jikoni kukagua, humwamini aliyempikia. Ungenyamaza, baba yako angefaulu kwa chakula kichafu, na sisi tungekula tukaugua. Umesema kweli ilipokuwa ngumu kusema. Biashara ya chakula husimama juu ya kweli hiyo."

Dama alimgeukia baba yake. Naye akamkumbatia kwa nguvu zake zote.