Keki ya Harusi ya Merina

Mimi nimewahi kumfunga chatu wa Mto Kilombero fundo kama kamba ya kiatu, lakini hili la rafiki yangu Lukelo, fundi kompyuta, limenifanya nisile wiki tatu. Mjane Merina wa mtaa wa Viwanja Sitini alimwita amwekee video zake zote kwenye kompyuta moja, aziangalie kwenye tivii. Alitaka amwone tena marehemu mumewe. Wakajaribu ya harusi. Pale Merina anamlisha mume keki, umeme ukakatika. Giza totoro, mapazia yamefungwa. Kompyuta ikaanza kutafuna: nyachu, nyachu.

Lukelo akacheka. "Dada, panya wako hawana adabu."

"Si panya," Merina akasema. "Mume wangu ndivyo alivyokuwa anatafuna."

Lukelo akawasha tochi ya simu, akaifungua kompyuta. Ndani kulikuwa na bonge la keki limeshatafunwa, bado la moto, linachuruzika mate.