Kigoda cha Bwana Lohse

Julai ya Mbeya haina urafiki na mtu. Asubuhi hiyo kila kitu ndani ya ghala la Iyunga kilikuwa cha baridi: kufuli, misumari, vinyago vilivyopangwa ukutani. Halfani, mfungashaji wa ghala, alikinyanyua kigoda kimoja ili akipanguse vumbi, akakiachia haraka. Pale pa kukalia palikuwa na joto, na harufu ya udi ilikuwa mbichi, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Tajiri wake, Bwana Lohse, angefurahi tu.

Huyu Lohse alikuwa Mjerumani aliyerudi Tanganyika baada ya vita, mwanamume asiyeona haya kuanguka. Mbao zilimshinda, pareto ikamshinda, hoteli ya Iringa ikamfia mikononi. Mwaka 1954 ndipo alipogundua kwamba matajiri wa kwao Hamburg wanagombania vitu vya kale vya Kiafrika, na tangu hapo mambo yakamnyookea. Tatizo lilikuwa moja: vya kale vilikuwa vichache. Basi akaagiza vipya kwa Asukile, mchongaji wa Kinyakyusa, na kazi ya kuvizeesha akampa Halfani.

Halfani alivipaka samli na masizi, akavikausha juu ya moshi wa kuni. Lohse akanusa kigoda kimoja, akakunja uso.

"Hiki kinanuka jikoni, Halfani. Mimi nataka kinuke uganga."

Hapo ndipo Halfani alipokosea. Bibi yake wa Pangani alikuwa fundi wa majini, naye alikumbuka yote: udi na ubani kila Alhamisi alasiri, marashi, damu ya jogoo mwekundu juu ya kigoda cha jini. Aliyafanya yote kwa kigoda hicho, ila hakutamka maneno ya kuita. Alijiambia kwamba bila maneno huo ni moshi tu. Masikini, uganga wenyewe aliujua kwa kuchungulia mlangoni.

Lohse alikipenda kigoda kile mno, akakitungia na hadithi ya chifu ambaye hajawahi kuzaliwa. Mnunuzi akapatikana. Halfani akakipigilia sandukuni, lori likakipeleka Dar es Salaam kupakiwa melini.

Alasiri ileile, nyumbani Ilomba, Chiku, binti wa pekee wa Halfani, aliketi uani mgongo wima, viganja juu ya magoti, akagoma kuinuka. Kuku wakahama ua mzima.

"Baba Chiku, njoo," mkewe Mwanakhamisi aliita kwa sauti ndogo. "Mtoto ananuka udi. Mimi sijafukiza."

Wiki ilipopita bila nafuu, wakamwita Bi Jaha, mganga mwenye asili ya pwani. Alimshika Chiku kisogo, akautoa mkono haraka.

"Nani kafukiza?"

"Nilifukiza kigoda, bibi. Cha biashara. Sikumwita mtu."

"Umemwekea kiti, umemtilia marashi, umemchinjia jogoo, halafu unasema hukumwita? Kaja, kakaa, nawe ukauza kiti chake. Kirudishe, au huyu mtoto humpati tena."

Halfani alipanda lori hadi Iringa, kwenye duka jipya la Lohse, akamsimulia yote huku machozi yakimtoka. Lohse alisikiliza kwa makini sana.

"Meli imeshaondoka," alisema. "Lakini hadithi nzuri hiyo. Nitamwandikia mnunuzi."

Halfani alimchukia siku ile, na hakuacha kumchukia. Aliporudi Mbeya, Asukile, aliyepashwa habari na Mwanakhamisi, alikuwa ameshachonga kigoda kingine kutoka kwenye gogo lilelile.

"Nimefanya nilichoweza, kaka," alisema, akakiweka kizingitini bila kuingia. "Humo ndani mimi siingii."

Alhamisi Bi Jaha alifunga madirisha, akafukiza, akachinja, akamsihi mgeni ahamie kwenye kiti chake kipya, na moshi ukajaa chumba hadi Halfani asiweze kumwona mkewe aliyekuwa ubavuni pake, na ndani ya moshi huo akasikia mlio wa ubao mkavu unaopinda, ukaja tena, karibu zaidi, akatamani uwe unatoka kwenye kigoda, uwe unatoka popote pengine, lakini ulikuwa ukitoka kwenye shingo ya mwanawe, aliyekuwa akikigeuzia kile kigoda kichwa polepole, akikitazama kama mteja mgumu dukani.

"Kile cha kwanza kilikuwa kigumu," Chiku alisema kwa sauti ya mtu mzima. "Na hiki kigumu. Huyu ana joto."

Halfani alipiga magoti. "Basi nikalie mimi. Mwache mtoto, nakuomba. Mimi ndiye niliyekosa."

Chiku alimsogelea, akamnusa shingoni taratibu.

"Wewe ndiye mfukizaji wangu. Nikikukalia wewe, nani atanifukizia?"

Bi Jaha alikusanya vitu vyake akatoka bila kuaga. Mwanakhamisi alilia kwa kwikwi, kanga mdomoni, asisikike kwa majirani. Moshi ulipopungua, Chiku alikuwa ameketi vilevile, viganja juu ya magoti, midomo inamtetemeka.

"Baba," alisema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, ile nyembamba waliyoizoea. "Baba, nasikia baridi."

Halfani alimtazama kwa muda mrefu, asijue ni nani anayemwomba. Kisha akainuka, akaenda kuwasha makaa.