Mchanga Ndani ya Waya

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, waya wa winchi ulikatika katika yadi ya Bi Kulsumu mjini Sumbawanga. Mashine ya kusaga mahindi ikamwangukia Polikarp, mfunga mizigo, akafa palepale. Kufika saa nne, Modesti, dereva wa winchi, alikuwa mahabusu, na mji mzima ulishasema kosa ni lake. Kwa kuhukumu, watu wetu hawajambo.

Inspekta Albina alichuchumaa kwenye vumbi jekundu, akaishika ncha ya waya uliokatika. Ilikuwa imepakwa grisi nzito, mpya kabisa.

"Waya huo haujamaliza mwezi, mwanangu," alisema Bi Kulsumu. "Cheti chake ninacho. Huyo Modesti kazidisha uzito."

"Mashine ina tani ngapi?"

"Mbili."

"Na winchi inabeba?"

"Tano," alijibu Mzee Azizi, fundi mkuu wa yadi. "Lakini vijana wananyakua mzigo kwa ghafla, Inspekta. Hapo hata waya mpya unakatika."

Maelezo yaliingia akilini. Albina aliyaandika, lakini grisi ile ilimkera.

Saa sita alimkalisha Modesti mezani kituoni.

"Unaukagua waya vipi?"

"Kila asubuhi napitisha kitambaa, afande. Uzi ukiwa umekatika, kitambaa kinanasa."

"Na leo?"

Modesti aliinamisha kichwa. "Leo sikupitisha. Mzee Azizi alisema niache, ameupaka grisi Ijumaa, nitamharibia kazi. Ni mtu mzima yule. Nikaacha."

"Jumamosi mlifanya kazi?"

"Hapana, wala jana. Mzee alichukua lori akaenda Kasanga, kule ziwani, ukweni. Mkwewe alikuwa anavuta boti nchi kavu. Amerudi jana jioni." Alijifuta macho. "Afande, Polikarp ndiye aliyenisimamia harusi. Mkinifunga, mke wake ataamini nimemuua mimi."

Saa nane Albina alirudi yadini. Aliisafisha ncha ile kwa dizeli, akapenyeza bisibisi, akazitanua nyuzi. Ndani kulikuwa na kutu tupu. Kisha mchanga mweupe ukammwagikia kiganjani, pamoja na vipande vya makombe madogo. Alitazama udongo mwekundu chini ya viatu vyake. Waya huu ulikuwa umeburuzwa ziwani, tena kwa miaka.

"Fungua lori," alimwambia Azizi.

Chini ya turubai palikuwa na waya mwingine, unang'aa, wenye kibati cha namba kwenye ncha moja. Albina aliilinganisha na cheti cha Bi Kulsumu. Ilikuwa namba ileile.

Azizi aliketi kwenye tairi.

"Alhamisi mkwe wangu alinitumia waya wake mchakavu, nimtafutie mwingine wa kuvutia boti. Sikuupata. Mkwe akikuomba kitu unamnyimaje, Inspekta? Nikampelekea wa winchi. Wa kwake nikaufunga hapa ili pasionekane pengo, kutu nikaifunika kwa grisi."

"Lakini jana ulirudi na ule mzima."

"Nilirudi nao."

"Kuubadilisha kunachukua muda gani?"

"Saa mbili. Asubuhi hii mwenye mashine alishafika na haraka zake. Nikasema tumpakilie huyu mmoja tu, mchana nitaubadilisha."

Bi Kulsumu alijifunika uso kwa mtandio. Albina alihesabu hatua kutoka kwenye lori mpaka pale Polikarp alipoangukiwa. Zilikuwa kumi na nane. Ndipo akamfunga Azizi pingu.

Modesti aliachiwa saa kumi na moja. Hakwenda nyumbani. Alikuja yadini, akatoa kitambaa chake mfukoni, akakipitisha kwenye kipande kilichobaki winchini. Kilinasa kabla hajafika hata pima moja. Akajaribu pengine, kikanasa tena. Akakaa chini akalia kwa sauti, maana asubuhi ile kazi hiyo ingemchukua dakika tano.