Kamba Iliyofungwa Mbele

Kila asubuhi mama yangu, Rahabu, huanika alizeti uani. Huanika kila mahali, isipokuwa juu ya ile mashua. Imekaa kando ya zizi, juu ya magogo mawili, tangu mwaka jana. Mbao zake ni pana na kavu. Hata kuku hawapandi juu yake.

Ilikuwa mashua ya baba, Damiani. Alivusha magunia ya alizeti kwenda ng'ambo ya Ziwa Kitangiri. Siku moja, saa nane mchana, mashua ilirudi yenyewe. Tanga lilikuwa limejaa upepo. Kamba ilikuwa imefungwa vizuri. Magunia yalikuwa yamepangwa. Hapakuwa na mtu. Wanawake waliokuwa wakifua waliitazama ikija moja kwa moja, hadi ikapanda mchanga mbele ya miguu yao. Baba alipatikana siku ya tatu, kwenye matete.

Watu walisema ziwa limemchukua. Babu Mughwai alichinja mbuzi mweusi ili kulituliza, tukanyamaza.

Mimi ni Belinda. Nina miaka ishirini na tatu. Mwaka huu niliamua kuendelea na kazi ya baba. Mdogo wake, baba mdogo Filipo, alikubali kunitengenezea mashua mpya. Yeye ni fundi wa mikokoteni ya ng'ombe. Ile ya kwanza pia aliitengeneza yeye.

Kazi ilipofika kwenye sitaha, yaani sakafu ya juu, nilimkuta akiipima mashua ya baba.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Shika ncha ya kamba hii."

Sikushika. "Mbona unapima hiyo?"

"Nataka zifanane. Kigingi cha kufungia kamba ya tanga mbele. Magunia katikati. Wewe na usukani nyuma. Mkokoteni mzuri hufungwa mbele."

"Hii si mkokoteni."

"Na wewe si ng'ombe, lakini unanisumbua vilevile."

Upepo ukapita kutoka ziwani. Ndani ya mashua ya baba kukagongwa mara tatu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Baba mdogo akaacha kupima.

"Ubao umelegea," alisema. Lakini hakwenda kutazama.

Siku hiyohiyo nilimfuata dada Zabibu. Yeye hutengeneza mashua pale mwaloni, ufukweni zinapoegeshwa, na kazi hiyo alijifunza Ukerewe. Alikuja kesho yake asubuhi. Akamwamkia babu, akamwamkia mama. Kisha akaizunguka mashua ya baba. Upande wa kushoto alipiga magoti.

"Belinda, weka vidole hapa."

Kwenye ubao kulikuwa na mistari minne. Vidole vyangu viliingia sawasawa. Mistari ilianza karibu na magunia yalipokuwa, ikashuka pembeni, ikaishia ukingoni. Jua lilikuwa halijafika pale, lakini ubao ulikuwa na joto.

Zilikuwa alama za kucha.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo. "Nimeziona tangu siku ile," alisema. "Niliogopa kuuliza."

Dada Zabibu alimwomba baba mdogo aketi nyuma, penye usukani. Tukapakia magunia sita katikati. Kamba alikuwa ameshaifunga baba mdogo mwenyewe, kwenye kigingi cha mbele, kwa fundo lake la kufungia ng'ombe.

"Upepo mkali umekuja," alisema dada Zabibu. "Ilegeze kamba."

Baba mdogo akainuka, akaanza kupanda magunia. Dada Zabibu nami tukainua upande wa kulia wa mashua kwa mti, kidogo tu. Baba mdogo akateleza. Mkono wake ukatafuta pa kushika, lakini ubao ulikuwa laini kama sahani. Kucha zake zikapita juu ya mistari ileile. Akaanguka vumbini.

Hakuna aliyecheka. Kamba ilikuwa bado imefungwa.

"Ziwa halikufanya kitu," alisema dada Zabibu. "Mashua ikilazwa na upepo, unaachia kamba ya tanga. Upepo unatoka, mashua inasimama. Kamba ikiwa mbali, lazima uinuke. Ukiinuka bila njia na bila pa kushika, unatoka wewe. Mashua inaendelea na safari."

Nilimtazama baba mdogo. "Kigingi chako ndicho kilichomuua baba," nilisema.

Babu akakohoa. Baba mdogo akajipangusa vumbi, akaenda kwake.

Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne alikuja na msumeno, hakunisalimu. Dada Zabibu alichora sitaha nzima chini kwa majivu, kwa ukubwa wake halisi.

"Tunapanga kwanza, misumari baadaye," alisema. "Belinda, kaa penye usukani. Fumba macho. Gusa kamba. Gusa kopo la kutolea maji."

Kopo sikulifikia. Akalisogeza. Kila nilichohitaji kwa haraka kilikuja karibu na mkono wangu. Kamba ilipitishwa kwenye pete, ikaja hadi kwangu. Naishika mkononi na siifungi kamwe. Magunia yalishushwa chini, katikati. Pande zote mbili tuliacha njia ya kupitisha mguu.

"Na ukingoni?" aliuliza baba mdogo. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Weka ubao uliosimama wima, mtu apate pa kushika. Toboa matundu chini yake, maji yatoke."

Akautengeneza vizuri kuliko alivyoelekezwa.

Safari yangu ya kwanza na mzigo nilivaa jaketi la kuokoa maisha. Katikati ya ziwa maji yalitulia kama mafuta. Ndege walinyamaza. Kisha upepo ukaja wote kwa mpigo mmoja, na mashua ikalala. Nikaachia kamba. Tanga likapigapiga, mashua ikasimama. Sikuinuka hata kidogo.

Ndipo nikasikia ubavuni, upande wa kushoto, kucha zikikwaruza ubao polepole kwenda ukingoni. Sikugeuka. Nilivuta kamba, nikafikisha mzigo, nikarudi nyumbani.

Sasa wenye mashua watatu wamemwita baba mdogo awang'olee vigingi vyao vya mbele. Jumapili iliyopita babu alituita sote.

"Mashua ni nzuri, na umerudi mzima," alisema. "Lakini ulimtamkia baba yako mdogo neno zito. Mwombe radhi."

Mama aliinamisha kichwa. Baba mdogo alitazama mikono yake.

"Babu, baba mdogo nitamwamkia kila siku," nilisema. "Chakula nitampakulia. Lakini ningenyamaza, mngechinja mbuzi wa pili. Nilisema kweli. Siombi radhi."