Nani Aliuziba Mpira wa Upepo?

Saa tatu na robo asubuhi ya Alhamisi, fundi rangi alikuta mlango wa kushoto wa gari umeharibika tena, mara ya tatu wiki hiyo. Rangi nyekundu ilikaa kwa vipele kama ganda la chungwa. Upepo wa kupulizia rangi ulikuwa hautoshi, na jioni kijana mwenye gari angekuja kulichukua.

Akamvaa mchomeleaji wa jirani.

"Wewe ndiye unaninyonya umeme!"

"Mimi? Mashine yangu ni mbovu tangu Jumatatu. Usinitwike zigo lisilo langu."

Fundi akarudi, akasikiliza. Upepo ungekuwa unavuja, kompresa, mashine ya kusukuma upepo, ingenguruma bila kupumzika. Hii ilikuwa imeshiba na kunyamaza, geji ya tangi imejaa. Lakini alipobonyeza bunduki ya rangi, mshale wa geji ya kwenye bunduki ulishuka. Kumbe upepo upo, umezuiliwa njiani. Akafungua mpira unaopeleka upepo kwenye bunduki. Kipande cha sponji kikadondoka.

Pembeni, mama wa yule kijana, mjane, alikuwa amekalia kiti kilichong'olewa garini, sponji yake imechanika. Alikuja kila siku. Ufundi, alisema, haujui hata chembe.

"Mama, nipe huo mpira."

Akauinua, akaukunja kwenye kiwiko, akafuta vumbi kwenye mdomo wa mpira kabla ya kumpa.

"Kuushika hivyo hujifunzi kwa siku moja, mama."

Mjane akainamisha kichwa. "Nilimshikia marehemu mume wangu mpira akipiga rangi, miaka ishirini na sita."

"Sasa kwa nini unaniharibia kazi?"

Mjane akampeleka kwenye mlango wa kulia, ambao haujaguswa. Chini ya kitasa, ndani ya buluu kuukuu, palikuwa na alama ya kidole gumba.

"Ni yake. Aligusa rangi haijakauka, nikamfokea kutwa nzima. Siku hizi naweka changu juu ya chake. Nimemkumbuka, fundi, mpaka mwili unauma."

"Si ungemwambia mwanao?"

"Angeliacha hivi hivi kwa ajili yangu. Nikaona afadhali ushindwe wewe."

Fundi akachukua karatasi. "Hapo nitapabandika karatasi, rangi isifike."

Mjane akacheka huku machozi yakimtoka. "Gari jekundu lenye kiraka cha buluu? Mwenyewe angenizomea huko aliko. Lete msasa."

Akapiga magoti. Akaweka kidole chake pale, akakaa hivyo kitambo, kisha akaanza kusugua. Alama ilifutika upesi. Mkono haukuacha.

"Mama, imeshatoka."

"Najua," alisema, akaendelea kusugua.