Uvundo Nyuma ya Mashine

Kila siku mjukuu wangu Jovelyn akirudi shuleni huvua sare, hufunga aproni na kuingia jikoni mwa mgahawa wetu hapa Iloilo, Ufilipino. Tunauza batchoy, supu ya tambi na maini. Kazi yake ni kukwangua mabakuli: mifupa, mafuta na tambi zilizolowa vyote huenda kwenye ndoo ya nguruwe, kisha huipeleka kwa mfugaji, mitaa miwili kutoka kwetu. Msaidizi wangu, Merly, ndiye hupanga mabakuli kwenye mashine ya kuoshea vyombo.

Mwezi ule mashine ilianza vituko. Ilijaza maji vizuri, ikaanza kuzunguka, halafu tap, umeme wa jiko zima ukakatika. Fundi Nestor alikuja, akapima kwa testa, akabadilisha koili ya kuchemshia maji. Ilifanya kazi siku nne. Siku ya tano, tap. Akarudi, akakuta waya umechubuka, akauzungushia utepe. Wiki haikuisha, tap tena.

Na jiko lilikuwa linanuka. Si harufu ya vitunguu na mvuke niliyoizoea. Ulikuwa uvundo wa nyama iliyooza, unaokaa kooni hata ukinywa maji. Mende walitoka mchana kweupe wakitembea juu ya mabakuli safi. Mteja mmoja alisukuma supu yake pembeni, akaondoka. Hata mimi nilishindwa kula humo.

Fundi alipokuja mara ya tatu alidhani maji yanaingia kwenye waya, akauliza ni nani anayeyamwaga sakafuni. Nikamtazama Merly, maana yeye huosha sakafu kwa mpira wa maji. Alijitetea kwamba hajawahi kuelekeza maji kwenye mashine, lakini nilikuwa nimeshachoka. Nikasema fundi akikuta ni maji, Jumamosi Merly arudi kwao. Aliendelea kufuta meza huku machozi yakimdondoka. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka sita.

Fundi akazima umeme, akasema safari hii anaivuta mashine yote itoke ukutani.

"Usiivute," Jovelyn akasema.

Tukageuka sote.

"Bibi, Dada Merly hana kosa. Ni mimi."

Fundi akaivuta. Nyuma yake kulikuwa na mifuko ya plastiki, mingine imevimba, mingine imepasuka na kuvuja uji wa kahawia. Funza walikuwa wamejaa humo, wakimwagika kama wali. Nestor akaziba pua kwa fulana yake. Alipofungua bati la chini, panya wawili wakachomoka. Mle ndani walikuwa wametandika karatasi za kufutia mikono, na waya zilikuwa zimegugunwa hadi shaba ikaonekana, zikigusa chuma kila mashine ilipotikisika.

"Kumbe mwezi mzima nawapikia panya," akasema fundi. "Wakimaliza waya, naleta mwingine."

Jovelyn alieleza kwamba wanafunzi wenzake hukaa pale kona ya barabara, na akipita na ndoo humwita Mama Nguruwe na kumkoromea kama nguruwe. Akaanza kufunga makombo kwenye mifuko na kuisukuma nyuma ya mashine hadi gari la taka lipite. Iliyoteleza ndani kabisa akashindwa kuifikia, akanyamaza.

Sikumchapa. Nilimpa glavu na koleo. Alitapika mara mbili, akaosha uso, akarudi kuzoa. Fundi alifunga waya mpya na kuziba chini ya mashine kwa wavu wa chuma. Tuliosha ukuta kwa sabuni na maji ya moto mara tatu.

Tulipomaliza nilimkalisha. "Aibu yako naielewa," nikamwambia, "na kesho nitakwenda na wewe hadi ile kona. Lakini ulikuwa unajua uvundo unatoka wapi, ukamwacha Merly alie. Kila siku alishika mashine ile kwa mikono iliyolowa. Shoti ingeweza kumuua. Ukikosea jambo, niambie siku hiyohiyo, hata kama linatia kinyaa."

Kisha nikamgeukia Merly, kwa sababu na mimi nilikuwa na langu. Nilimhukumu kabla hatujatazama nyuma ya mashine. Nikamwomba radhi mbele ya fundi, na Jovelyn akaomba ya kwake.

Merly alikunja kitambaa chake polepole.

"Nimewasikia," akasema. "Jumamosi nitakuja kazini. Ila leo msinisemeshe."

Tukamwacha apange mabakuli kwa amani.